Kosa la mzunguko litafutwe kwenye pigo la tatu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: wawili wakicheza salsa na hatua ikaharibika, kosa ni la anayeongoza au la anayefuata? Jibu langu ni kwamba kabla ya kumtafuta mwenye kosa, litafutwe kwanza pigo lenye kosa. Mara nyingi hatua huwa imeshaharibika mapigo mawili au matatu kabla macho hayajaona. Mzunguko unaomyumbisha mtu kwenye pigo la 6 uliharibika kwenye la 3. Jozi ikizoea kurudi nyuma kiasi hicho, malumbano hupungua na mazoezi hupata pa kuanzia.

Salsa huhesabiwa kwa mapigo 8. Miguu hukanyaga 1, 2, 3, hutulia 4, hukanyaga 5, 6, 7, hutulia 8. Katika mtindo wa Los Angeles anayeongoza hutoa mguu wa kushoto mbele kwenye 1 na kurudisha wa kulia nyuma kwenye 5. Mwenzake hurudisha wa kulia nyuma kwenye 1 na kutoa wa kushoto mbele kwenye 5. Wimbo wa mwendo wa wastani huwa na mapigo kama 180 kwa dakika, yaani mapigo 3 kila sekunde, hivyo hesabu nzima ya 8 hupita kabla sekunde 3 hazijatimia. Ndani ya muda huo mfupi anayefuata anatakiwa aihisi ishara, aielewe, kisha aupeleke mguu mahali papya. Ishara ikimfikia kwenye 5, mguu umeshaondoka, na hapo hakuna kipaji kitakachomwokoa. Kwa hiyo 4 na 8, ambazo wanaoanza huziona kama mapumziko, ndipo kazi kubwa ya wawili inapofanyika: uzito unamalizia kuhama na taarifa inapita.

Uzito ndio msingi wa yote. Kwenye 3 anayefuata amesimama juu ya mguu wa kulia, na wa kushoto uko huru. Mguu ulio huru ndio pekee unaoweza kuombwa kitu. Anayeongoza asiyejua mwenzake amesimama juu ya mguu upi huomba lisilowezekana, na anayefuata aliyeugawa uzito nusu kwa nusu kati ya miguu miwili hana mguu wa kujibu nao. Kila hatua ibebe mwili mzima, ianzie mbele ya unyayo, na iwe fupi. Hatua ndefu ni adui mkubwa wa salsa ya kasi. Mguu wa kulia ukirudi nyuma zaidi ya urefu wa unyayo mmoja kwenye 1, mwili hubaki nyuma, mikono hunyooka, na 2 na 3 hutumika kuufukuzia muziki badala ya kusikilizana.

Sasa tuutazame mzunguko wa kulia wa anayefuata, maana ndio wa kwanza kufundishwa na ndio unaogombanisha watu wengi. Kwenye 1 na 2 wawili wanacheza hatua ya msingi, mikono ikiwa kwenye usawa wa mbavu na viwiko vimekunjwa. Kwenye 3 mkono wa kushoto wa anayeongoza, ulioshika wa kulia wa mwenzake, unaanza kupanda, na kufikia 4 uko juu ya paji la uso. Hiyo ndiyo ishara. Kwenye 5 anayefuata anakanyaga kushoto mbele na kugeukia kulia, kwenye 6 kulia kunamalizia mzunguko, kwenye 7 kushoto kunatua naye ameshamtazama mwenzake. Mkono wa anayeongoza wakati huo huchora duara dogo juu ya utosi wa mwenzake, lisilozidi upana wa kichwa chake, basi. Hausukumi, hauvuti, haukorogi.

Unakoharibika ni hivi. Mkono ukipanda kwenye 5 badala ya 3, anayefuata ameshaanza hatua ya kwenda mbele, na anaposhtukia anakatisha mguu katikati. Kwenye 6 hana pa kusimama. Duara likiwa pana, bega lake huvutwa nje ya mhimili na anayumba upande wa mkono ulikokwenda. Kwa nje yote mawili huonekana kama udhaifu wa anayezunguka, nao watazamaji humhurumia anayeongoza. Ipo pia hali ya kinyume chake. Anayefuata akiona mkono umenyanyuka kidogo kwenye 2, huenda ni wa kubadilisha mshiko tu, na akazunguka kwa mazoea ya darasani, hapo anayeongoza hana hatia. Kutangulia huku ndiko kosa kubwa la wafuataji waliokwisha kujua hatua nyingi. Wanaoanza hawalifanyi sana, kwa kuwa hawajui kinachofuata.

Mshiko nao uangaliwe kwa makini, kwa sababu hapo watu huumia. Vidole vya anayeongoza hujikunja kidogo, vya mwenzake huning'inia juu yake, na wakati wa mzunguko huteleza na kuzunguka ndani ya nafasi hiyo. Kidole gumba kikifunga juu ya mkono, kifundo hugeuzwa kwa nguvu na bega hufuata. Namna ya kupima ni rahisi: anayefuata awe na uwezo wa kuuondoa mkono wake wakati wowote bila kuomba ruhusa. Asipoweza, mshiko umekaza mno. Naye asiukaze wa kwake kwa hofu ya kuanguka, kwani mzunguko unasimama juu ya mguu wake mwenyewe. Akihitaji mkono wa mtu ili asianguke, tatizo liko kwenye uzito, na dawa yake ni kuuzunguka mzunguko huohuo peke yake, bila mwenzi, mpaka utulie.

Ndani ya mshiko wa kufungana, mkono wa kulia wa anayeongoza hukaa juu ya kombe la bega la kushoto la mwenzake. Usishuke kiunoni. Kwenye kombe la bega kiganja husoma mwili mzima, na kifua cha anayeongoza kikigeuka nusu kiganja, mwenzake anajua. Kiunoni taarifa huchelewa, tena wafuataji wengi hawapendi kushikwa hapo na mtu wasiyemjua. Anayefuata naye ajaze kiganja kile kwa mgongo wake: aegemee kiasi cha kuhisiwa tu, bila kulala juu yake. Viwiko vya wote wawili vibaki mbele ya mbavu. Kiwiko kikirudi nyuma ya mwili, mkono hauwezi tena kupeleka habari yoyote. Mwendo wa kifua huishia begani, na anayeongoza huanza kuvuta kwa nguvu ili asikike. Hivyo mkono tepetepe wa mmoja huzaa mkono mkavu wa mwingine, na ukiwauliza kila mmoja atamtaja mwenzake.

Hatua ya kubadilishana nafasi, ambayo madarasani huitwa krosibodi, inaonyesha haya yote vizuri kuliko mzunguko, kwa sababu mikono haina kazi kubwa ndani yake. Anayeongoza anaenda mbele kwenye 1, kisha kwenye 2 na 3 anageukia kushoto robo duara na kutoka kwenye mstari ambao wawili huenda na kurudi juu yake. Kifua chake kikigeuka, njia mbele ya mwenzake inakuwa kama mlango uliofunguliwa. Kwenye 5, 6, 7 anayefuata anapita kwa mstari ulionyooka, kushoto, kulia, kushoto, na mwishoni anageukia kushoto kumkabili mwenzake, ambaye naye amemalizia robo ya pili. Anayeongoza akibaki kwenye mstari, au akitoka mguu mmoja tu, mwenzake hulazimika kumzunguka kwa upinde na kufika 7 akiwa amechelewa. Akiuvuta mkono wake kwenye 5 ili kufidia, anamtia mwendo ambao hana muda wa kuusimamisha. Kwa upande wa pili, anayefuata akikata hatua ya nyuma ya 1 kwa kuwa ameshahisi krosibodi inakuja, anajikuta mbele kwenye 3 na kugongana na mtu ambaye bado anaondoka njiani.

Wakati mwingine, hata hivyo, wote wawili wako sawa. Mtindo wa New York uliosambazwa na mwalimu Eddie Torres hubadili mwelekeo kwenye 2 na 6, si kwenye 1 na 5, na hukaa vizuri na kofi la ngoma ya konga linaloanguka kwenye 2. Mchezaji wa 1 akikutana na mchezaji wa 2, kila ishara hufika pigo moja kabla au baada ya pale mwenzake anapoitarajia. Salsa ya Cuba, inayoitwa casino, nayo haina mstari. Wawili huzungukana kwa duara, na aliyezoea mstari hujiona anavutwa pembeni bila sababu. Kuulizana mwanzoni, "Unacheza moja au mbili?", ni adabu, tena huokoa wimbo mzima.

Kwa wachezaji wa kwetu nina neno moja. Santuri za Cuba zililea muziki wa dansi wa Kongo na wa Tanganyika, hata Morogoro ikawa na bendi iliyoitwa Cuban Marimba, na aliyezoea kusakata rumba kifuani kwa mwenzake huja na hazina kubwa: anaongoza kwa mwili, siyo kwa mkono. Anachohitaji ni kujifunza kunyamaza kwenye 4 na 8. Miguu ikiendelea kukanyaga mapigo yote, ile nafasi ya ishara inapotea, na ndiyo sababu mtu mwenye kiuno kizuri hushindwa kumzungusha mwenzake.

Mazoezi mawili yatatosha kuwaonyesha wawili tatizo lao liko wapi. La kwanza halina muziki wala hatua. Simameni mkitazamana, viganja kwa viganja, anayefuata afumbe macho. Anayeongoza ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kusogeza mikono, polepole, kisha abadili mwendo, kisha asimame ghafla. Mwenzake akiendelea baada ya yeye kusimama, anatangulia. Asipoondoka kabisa, viwiko vya mmoja vimelegea. La pili ni la wimbo wa taratibu: chezeni hatua ya msingi tu, na anayeongoza anyanyue mkono kwenye 3 mara moja kila baada ya hesabu kadhaa, bila mpangilio. Nusu ya mara anyanyue mpaka juu, nusu aishie usawa wa bega na kuushusha. Anayefuata azunguke pale tu mkono unapopita paji la uso. Badilishaneni nafasi kila wimbo, kwani anayeongoza ambaye hajawahi kufuata hawezi kujua ishara yake inachelewa kiasi gani.

Na hatua ikishaharibika ukumbini, msisimame kuulizana. Anayefuata arudi kwenye hatua ya msingi papo hapo, kwa mguu wowote ulio huru, na kusubiri. Anayeongoza ashushe mikono hadi usawa wa mbavu, auhamishe uzito kulia na kushoto mahali pamoja hadi aisikie 1 tena, kisha atoe mguu wa kushoto mbele kwa hatua fupi.