Kabla hujamwita farasi mkorofi, chungulia horini

Ukianza kazi ya kutunza farasi utasikia sana maneno haya: huyu mkorofi, yule mvivu, huyu kichwa moto. Nakuomba, kabla hujayaamini, nenda ukaangalie anakula nini. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na kuna farasi mmoja aliyeadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Alikuwa dume aliyehasiwa, mpole, hata watoto walimpanda. Ilipoingia shehena mpya ya alfalfa, malisho makavu ya jamii ya kunde, tulifurahi sote: rangi ya kijani, majani tele, harufu tamu. Tukampa mafungu yaleyale tuliyozoea kumpa ya nyasi kavu. Haikupita wiki mbili akawa hashikiki. Akitolewa bandani anarusha miguu, ndege akipaa anashtuka, hasimami kufungwa matandiko. Nami nikazidi kumkaza lijamu. Siku nilipoweka fungu kwenye mizani ndipo nilipoelewa: lilikuwa zito kuliko lile la nyasi, na kila kilo yake ina nguvu zaidi. Huku kazi yake ilikuwa matembezi ya nusu saa kwa siku. Tulipomrudishia nyasi na kumbakishia alfalfa kidogo, alitulia.

Wengi watakwambia protini ndiyo inayompandisha farasi mori. Hapana. Protini ikizidi utaisikia puani: mkojo unanuka vikali na hewa ya banda inawasha macho. Kinachomchemsha zaidi ni jumla ya nguvu asizopata pa kuzitumia. Kwa hiyo usiichukie alfalfa. Anayenyonyesha, aliyekonda au anayefanya kazi nzito inamfaa sana, na kalsiamu yake husaidia kupunguza makali ya asidi tumboni.

Kwenye nyasi zenyewe, kama timothy, Rhodes au tefu, jina halikwambii mengi kama umri wa kukatwa. Fungua robota, shika konzi moja, ukunje. Zikikunjika laini na majani ni mengi, zilikatwa changa na zina nguvu. Zikikuchoma kiganjani, mabua manene na masuke yamekomaa, hizo hujaza tumbo bila kulisha sana. Zinamfaa farasi mnene, ila farasi wa kazi akizila peke yake atakuwa mzito wa hatua nawe utamwita mvivu. Nyasi za shayiri zilizokatwa na punje zake uwe nazo macho, maana huwa na sukari na wanga mwingi. Kwa farasi mwenye historia ya kuvimba ndani ya kwato, peleka sampuli maabara. Sukari na wanga kwa pamoja visizidi asilimia 10 hadi 12 ya uzito mkavu wa nyasi. Kuzilowesha nyasi kwa dakika 30 hadi 60 hupunguza sukari, lakini maji hayo yamwage, asiyanywe.

Halafu kuna njaa, nayo ndiyo inayonisikitisha zaidi kwa sababu tunaileta wenyewe. Tumbo la farasi ni dogo na asidi yake haipumziki usiku wala mchana, ilhali mate ya kuipoza hutoka anapotafuna tu. Mwache na hori tupu kuanzia jioni mpaka asubuhi, kisha uje umkaze mkanda wa tandiko: atalaza masikio, atageuza kichwa kutaka kukung'ata. Huenda tumbo linamuuma. Farasi wa kilo 500 anahitaji kama kilo 7.5 hadi 10 za malisho makavu kwa siku. Zigawe, na za usiku zitie kwenye wavu wa matundu madogo zidumu. Tabia isipobadilika, mwite daktari wa mifugo.

Vumbi na ukungu usivivumilie hata kidogo. Farasi anayekohoa hawezi kukimbia vizuri, hata malisho yawe bora namna gani.

Ukibadilisha aina, changanya mpya na ya zamani kwa siku 7 hadi 14, maana vijidudu vya utumbo mpana vinavyomeng'enya nyuzi vinahitaji muda kuzoea. Haraka huleta msokoto wa tumbo. Shehena mpya ikifika, andika tarehe mlangoni pa banda kwa chaki. Wiki tatu baadaye mtu akija kulalamika kwamba farasi fulani amebadilika, soma kwanza hiyo tarehe.