Diski zimejaa? Usinunue seva mpya

Mdogo wangu, seva yako hapo Shangani ina diski mbili za TB 4 zinazoakisiana (kila moja ina data ileile) kwa ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili, picha za harusi zimeijaza, nawe unataka kuanza upya. Ya nini? Nunua mbili za TB 8, hakikisha ni CMR, yaani zinazoandika data kwa mistari isiyolaliana. SMR, ambazo mistari yake hulaliana, hukokota mno wakati data inanakiliwa upya kwenye diski mpya. Badilisha moja kwanza, subiri imalize kunakili kabisa (pengine siku nzima), ndipo uguse ya pili. Ukiwa na tundu la SATA la ziada, chomeka mpya kabla ya kutoa ya zamani. Nafasi haiongezeki mpaka zote mbili ziwe kubwa, na autoexpand, mpangilio wa ZFS wa kujipanua, iwe imewashwa.

UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, sikwambii, umeme wetu unaujua. Ila seva iondoe dirishani! Upepo wa chumvi ulinilia miguu ya RAM nilipokuwa Mikindani, nikahangaika wiki nzima nikidhani ni ubao mama.

Halafu kuakisiana si nakala ya akiba: ukifuta picha, imefutika kote. Zile TB 4 usiziuze. Nakilia kazi za wateja, moja kaiweke kwa bibi Masasi.