Saa ya Maskati ya dhahabu: kabla hujatoa pesa

Shekhe wangu, unasema jamaa wa Darajani anakuuzia saa ya Rolex Day-Date ya dhahabu, ile inayoonyesha siku ya wiki na tarehe, ya marehemu ami yake aliyeleta kutoka Maskati, na anataka jibu leo. Hiyo "leo" ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko saa yenyewe.

Tangu 1956 Day-Date huuzwa ya dhahabu au platinamu tu. Kwa hiyo geuza mkanda, tazama pembe za viungo zinazosuguana na mkono: zikionyesha weupe wa chuma, basi ni ya kuchovya, mrejeshee mwenyewe. Tafuta muhuri wa 750, maana yake karati 18, robo tatu dhahabu. Lakini muhuri hugongwa na yeyote mwenye nyundo, kwa hiyo nenda kwa sonara, akwangue kidogo upande wa ndani wa kiungo na atie tindikali kupima dhahabu. Sumaku usiihangaikie, ndani mna vyuma, itakudanganya.

Kisha fundi saa afungue nyuma, kwa kifaa chenye meno, si kwa kisu! Hapa ndipo wengi wanapoliwa: kasha dhahabu kweli, mashine ya bandia. Kifuniko cha nyuma cha kioo kwenye saa ya umri huo, usiitake. Jina la siku ya wiki liandikwe kamili juu kwenye 12, lisikatwe. Kiarabu si kosa, lugha zipo nyingi.

Muuzaji akikataa isifunguliwe, mwage. Akikubali, mlipe mbele ya fundi, mwandikiane na namba ya saa.