Usizitupe leo, na usimfiche mkunga

Dada uliyeuliza, una mimba ya miezi saba, unameza tramadol, ile dawa kali ya maumivu, kila siku tangu uvunjike nyonga, na mumeo anataka uzitupe zote leo. Pole sana. Tafadhali usizitupe.

Mimi nina selimundu. Mimba ya pili ilinitesa mifupa mno. Daktari aliniandikia tramadol za siku tano. Zilipoisha nikaendelea kununua mwenyewe duka la dawa, na kliniki sikusema neno. Niliogopa kuonekana mla unga.

Mtoto alizaliwa vizuri tu, kilo 2.7. Usiku wa siku ya pili mikono ikaanza kumtetemeka hata akiwa usingizini. Kilio kikawa chembamba, cha kuchoma masikio. Chafya mfululizo. Akipewa ziwa anavuta mara mbili, anaachia, anajikaza mwili mzima. Wakampima sukari, iko sawa. Muuguzi mmoja akaniinamia, akaniuliza taratibu, "Mama, kuna dawa ulikuwa unatumia?" Nililia, nikamwambia yote.

Ilikuwa arosto, yaani mwili kudai dawa uliyoizoea baada ya kuikosa ghafla. Tramadol, kodeini, mofini, zote hupita kwenye kondo la nyuma, na mwili wa mtoto huzizoea kama wako ulivyozizoea. Kitovu kikikatwa, dawa imekatika. Si kila mtoto hupatwa, ila dalili mara nyingi hutokea ndani ya siku 3 za kwanza, kwa hiyo usikubali kuruhusiwa baada ya saa 24 kabla hujawaambia ulichokuwa unameza.

Sasa ukizitupa leo, arosto hiyo itakupata wewe, na yeye yumo tumboni. Uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Nenda kwa daktari na hilo pakiti lenyewe mkononi, aone miligramu, akupangie namna ya kupunguza kidogo kidogo. Mumeo aende nawe, asikie mwenyewe. Na usije ukakimbilia diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, ukidhani ni nafuu: kwa mimba ya umri huo inaweza kudhuru figo za mtoto na kuufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake. Habari ya kunyonyesha nayo uliza mapema, maana tramadol huingia kwenye maziwa na inaweza kumlegeza mtoto hata pumzi.

Wangu hakuhitaji dawa. Walituhamishia kona isiyo na kelele, taa ikazimwa, nikamfunga kifuani ngozi kwa ngozi ndani ya khanga, nikimnyonyesha kidogo kidogo kila alipoamka. Mimi maumivu nikayabeba kwa paracetamol. Siku ya tisa alinyonya mpaka akashiba bila kuachia ziwa, akalala, mikono imetulia.