Moto usio na moshi: niliyojifunza kuhusu magogo ya gesi sebuleni

Mama yangu alikuja kututembelea hapa Fort Worth, Texas, Januari 2022. Jioni ya kwanza tulimkalisha sebuleni karibu na moto ili mifupa ipate nafuu baada ya safari ndefu. Moto ulikuwa unawaka vizuri, magogo yamepangwa kama kuni za kweli, makaa yake mekundu. Akautazama kimya kwa muda. Kisha akainama, akachungulia juu ya meko, akaniuliza: “Mwanangu, moshi wa huu moto unapitia wapi?”

“Hauna moshi, mama. Ni gesi.”

“Na mkaa nao hauna moshi,” akasema. Akanyanyuka, akaenda kufungua dirisha.

Kwetu ni Njombe. Mwezi wa sita na wa saba baridi inauma, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, na kila mtoto anakua akiambiwa kwamba jiko la mkaa halilali ndani na watu. Nililijua hilo tangu utotoni. Ila nilipofika Marekani na kukuta kifaa kizuri chenye rimoti na kitabu cha maelekezo, sikuona kwamba ni jambo lile lile. Mama aliliona kwa dakika moja.

Ninaandika kwa sababu Waswahili wengi tunaonunua nyumba majimbo ya kusini tunakutana na magogo haya. Ama tunayakuta ndani ya nyumba, ama tunayanunua wenyewe kama nilivyofanya mimi. Yanatengenezwa kwa saruji maalumu au udongo wa kuchomwa, yanapangwa juu ya mabomba yenye matundu ya gesi, na kwenye sanduku utasoma “vent-free”. Maana yake kifaa hakihitaji dohani. Kila kinachotoka kwenye ule moto kinabaki chumbani pamoja nanyi.

Sisi tulinunua baada ya ile wiki ya Februari 2021. Waliokuwa Texas wanaikumbuka. Huku kwetu baridi ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri, na umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu. Mtambo wetu wa kupasha nyumba joto unatumia gesi, lakini feni yake ni ya umeme, kwa hiyo ulizima nao. Tulilala wote kitanda kimoja tumevaa makoti. Wapo waliowasha gari ndani ya gereji ili wapate joto, wapo walioingiza ndani jiko la kuchomea nyama. Baadhi yao hawakuamka. Niliapa kwamba watoto wangu hawatalala baridi vile tena, na magogo ya gesi yalikuwa na sifa niliyoitaka: yanawaka bila umeme. Kale kamoto kadogo ka kuwashia, ambako hakazimwi, kanapasha kifaa kinachozalisha umeme kidogo sana, na huo unatosha kufungua njia ya gesi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa ukubwa. Dukani tuliambiwa tuchukue yanayojaza meko vizuri, tukachukua ya BTU 32,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Hakuna aliyetuuliza sebule yetu ina ukubwa gani, na sisi hatukujua kwamba ni swali. Kanuni inayotumika ni kwamba kila BTU 1,000 inahitaji angalau futi 50 za ujazo wa chumba. Chukua futi ya kupimia, pima urefu, upana na kimo cha dari, uzidishe vyote vitatu. Sebule yetu ni futi 12 kwa 13, dari futi 8, yaani futi za ujazo 1,248. Zidisha kwa 20 upate BTU ambazo chumba kinaweza kubeba: 24,960. Tulikuwa tumefunga moto wa chumba kikubwa ndani ya chumba kidogo. Kama sebule imeungana na chumba kingine bila mlango, unaruhusiwa kukijumlisha. Kama kuna mlango unaoweza kufungwa, usikihesabu, kwa sababu siku ya baridi kali ndiyo siku mtu ataufunga.

Dalili zilikuwepo, hatukuzisoma. Vioo vya madirisha vilikuwa vinatoka jasho kila jioni hadi maji yanachuruzika kwenye mbao za chini. Tukadhani ni chapati na chai. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba gesi ikiungua inazaa maji, na si kidogo: BTU 100,000 zinatoa takriban lita 4 za maji kama mvuke. Sisi tulikuwa tunawasha saa nne mfululizo, kwa hiyo kila usiku tulikuwa tunamwaga takriban lita 5 za maji hewani bila kuziona. Machi tuliposogeza kochi tulikuta ukuta wa nyuma yake umeota ukungu mweusi. Binti yetu mdogo, mwenye pumu, alikuwa ameanza kukohoa tangu Novemba. Mbali na maji, moto huu hutoa pia naitrojeni dayoksidi, ambayo inachokoza mapafu ya mwenye pumu. Kama nyumbani kwako kuna mtoto wa namna hiyo, ushauri wangu ni mmoja: usiyafunge kabisa. Tafuta ya kutumia dohani, au kifaa kingine. Jimbo la California limekataza vifaa hivi majumbani, na mimi leo naielewa sababu.

Sisi wakati ule tulibadilisha ukubwa tu, tukaweka seti ndogo ya BTU 20,000. Hapa Texas kazi ya bomba la gesi ni ya fundi bomba mwenye leseni, na mji unataka kibali na mkaguzi. Najua kila jumuiya ina kijana wetu anayejua kila kitu na anayetoza nusu bei. Mpe kazi ya kupaka rangi. Fundi wetu wa pili alianza kwa kuuliza kama meko yamewahi kuchomwa kuni. Tulipojibu ndiyo, alikataa kuendelea hadi dohani ifagiliwe na majivu yote yatolewe, kwani masizi ya zamani yanaweza kushika moto, na vumbi linaziba kale kamoto kadogo. Alihakikisha seti ni ya gesi asilia, ile ya bomba, siyo ya propani, ile ya mtungi. Hizi mbili hazibadilishani: msukumo wake ni tofauti na matundu yake ni tofauti, na ukiunganisha kifaa cha gesi asilia kwenye mtungi wa propani, moto utakaotoka utakutisha. Akaweka koki ya kufungia mahali ambapo mtu anaifikia bila kupeleka mkono motoni. Mwishoni akapaka maji ya sabuni kila kiungo, tukachuchumaa wote wawili na tochi tukitafuta mapovu. Kiungo kimoja kilitoa povu dogo, kama la mtoto anayepuliza mate. Akakifungua, akakifunga upya, akapaka tena. Mkaguzi alipita siku mbili baadaye.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike.

Kila mwenye magogo haya ataambiwa asiogope, kwa sababu yana kihisi cha oksijeni kinachozima gesi hewa ikiharibika. Ni kweli kihisi kipo, na kinafanya kazi kwa akili sana. Kale kamoto kadogo kanaelekezwa kwenye kijiti cha chuma. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka hadi kama asilimia 18, kamoto kananyanyuka na kuacha kukigusa kile kijiti, kijiti kinapoa, gesi inafunga. Ni kinga nzuri. Lakini kinachopimwa pale ni oksijeni peke yake. Kihisi hakijui chochote kuhusu kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ile ile ya jiko la mkaa. Na sumu hiyo inaweza kujaa chumbani wakati oksijeni bado ni ya kutosha kabisa.

Nilijifunza hilo Desemba 2022. Nilikuwa nimeyatoa magogo kuyafuta vumbi, nikayarudisha kwa macho, jinsi nilivyokumbuka. Gogo la mbele lilikaa kama inchi moja nje ya mahali pake. Jioni tukawasha. Moto ulikuwa mrefu na wa manjano kuliko kawaida, na nakiri niliupenda, niliona unafanana zaidi na kuni. Ncha zake zilikuwa zinalamba lile gogo la mbele. Baada ya saa mbili mke wangu akasema kichwa kinamgonga. Nami nilikuwa nimechoka kwa namna isiyoeleweka. Nilipopita kwenye korido kwenda kuchukua dawa, nikaona kwenye kioo cha kengele ya kaboni monoksidi namba ambayo siku zote ni sifuri. Ilikuwa 38.

Kengele haikulia. Kihisi hakikuzima moto. Vyote viwili vilikuwa vizima na vilifanya kama vilivyotengenezwa. Kengele za Marekani zinatakiwa kulia baada ya saa 1 hadi 4 hewa ikiwa na sehemu 70 za sumu hiyo kwa milioni moja. Chini ya hapo zinaweza kukaa kimya, na watoto wachanga, wajawazito na wazee wanaumia kwa kiwango ambacho mtu mzima mwenye afya anakivumilia. Tulizima, tukafungua milango, tukatoka na watoto uani tumejifunika mablanketi. Asubuhi nilipomulika nilikuta gogo la mbele limepakaa masizi meusi, na ukuta juu ya meko una kivuli cha kijivu. Masizi ni dalili ya gesi ambayo haikuungua sawasawa, na penye masizi ya gesi, kaboni monoksidi haiko mbali.

Kwa hiyo magogo yanakaa pale ambapo kitabu kinasema, kwenye pini zake za kuyashikilia, si mahali yanapopendeza. Nilipiga picha mpangilio sahihi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Usiongeze mawe, kokoto wala mapambo yasiyokuja na sanduku. Na kagua moto kwa macho kila unapowasha, ukiona ulimi unagusa gogo au weusi unaanza, zima siku hiyo hiyo.

Kengele nunua yenye kioo cha namba na betri ya akiba, maana umeme ukikatika ndipo utakapoyawasha magogo. Weka karibu na vyumba vya kulala na kwenye kila ghorofa, usiibandike juu ya meko. Nyuma yake imeandikwa tarehe ya mwisho. Nyingi huishia kati ya miaka 5 na 10. Dada mmoja wa kanisani kwetu alinionyesha yake kwa fahari, ilikuwa imekwisha muda tangu 2014.

Dirisha sisi tunalifungua upana wa vidole viwili kila moto unapowaka. Ndiyo, joto kidogo linatoka. Nyumba za siku hizi zimezibwa kila tundu ili kuokoa bili, na moto unahitaji hewa kama ninyi mnavyohitaji. Hatuwashi zaidi ya saa tatu, na hatulali ukiwaka, hata ule usiku wa baridi kuliko zote. Chumba cha kulala kina masharti yake, kifaa kisizidi BTU 10,000, lakini mimi nasema kisiwepo. Ndugu walioko Denver na miji mingine ya milimani wasome kitabu mara mbili, kwa sababu hewa yao ni nyepesi na kihisi kinaweza kuwa kinazima ovyo.

Na udi. Mke wangu ni wa Tanga, Ijumaa bila udi kwake si Ijumaa. Moshi wa udi, mishumaa, rangi mpya na dawa za kupuliza za nywele vikipita kwenye moto ulio wazi vinageuka harufu mbaya na masizi. Tumekubaliana: udi asubuhi, moto jioni.

Kosa kubwa kuliko yote nimelikuta kwenye nyumba ya shemeji yangu. Yeye alihamia kwenye nyumba yenye magogo tayari, akaona kwangu nawasha kilango cha dohani kikiwa kimefungwa, naye akafunga cha kwake. Ya kwake ni ya aina nyingine, “vented”, yanayotakiwa kuwaka dohani ikiwa wazi kila dakika. Tofauti hiyo huioni kwa kutazama magogo. Iko kwenye kibati kilichofungwa karibu na valvu. Kama hukioni au hakisomeki, usiwashe hadi fundi athibitishe. Tulimwita fundi siku ile, akafunga kibano kinachozuia kilango kisizibe tena.

Mama amekuja tena mwaka huu. Safari hii, kabla hajalala usiku wa kwanza, nilimkalisha nikamwonyesha. Kengele ikilia, au watu wawili ndani ya nyumba wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja bila homa, asitafute sababu, asibaki kufungua madirisha. Awatoe watoto nje kwanza, kisha apige 911, namba ya dharura ya huku, akiwa nje. Hajui Kiingereza, kwa hiyo tulifanya mazoezi ya kutamka “Swahili”, kwani vituo vingi vina wakalimani wa simu. Anwani ya nyumba nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, imebandikwa mlangoni kwa ndani, usawa wa macho yake. Aliisoma kwa sauti mara tatu. Kisha akaenda kupima kwa vidole vyake viwili kama dirisha limefunguliwa vya kutosha.