Trei yangu imeishia kwenye tishu, nifanye nini?

*Dada, naomba msaada. Mimi ni mwalimu, na hii ni wiki ya tano navaa trei angavu za kunyoosha meno, vile vifuniko vya plastiki vinavyovikwa juu ya meno. Nabadilisha kila wiki mbili, kwa hiyo nimeanza ya tatu majuzi tu. Jana, wakati wa chakula, niliivua ya chini nikaifunga kwenye tishu nikaiweka kando ya sahani. Nilipokumbuka, meza ilikuwa imeshafutwa. Isitoshe, nimepata kitembe: nikisema "zoezi la sita" wanafunzi wanatazamana. Ya juu nayo ina ncha inayonikwaruza ulimi, hadi nimeanza kuivua kila ninapoingia darasani. Je, nilikosea kuanza? — Mwalimu*

Pole sana, mdogo wangu. Hukukosea. Nilivaa trei hizi miezi 16, na ya saba ilinipotea hivyohivyo, ndani ya tishu. Nilimwaga mfuko wa taka sakafuni nikafungua karatasi moja moja hadi usiku, na sikuipata. Kwa hiyo najua moyo ulivyokushuka ulipoiona ile meza tupu.

La haraka kwanza. Trei ya pili ya chini bado unayo? Ivae sasa hivi, kisha mpigie daktari wako wa meno umwambie ni ipi iliyopotea na ulikuwa umeivaa kwa siku ngapi. Kwa kuwa uko mwanzoni mwa ya tatu, huenda akakuambia ubaki na ya pili hadi nyingine itengenezwe. Aliyebakiza siku moja mbili pengine angeruhusiwa kuingia ya nne. Huo ni uamuzi wake, usijiamulie.

Usikubali kukaa kinywa kitupu ukisubiri. Kila trei husogeza jino kiasi cha robo milimita tu, na jino limeshikiliwa kwenye mfupa na nyuzi laini ambazo, zikivutwa, hutaka kulirudisha lilikotoka. Mfupa mpya wa kulishikilia huchelewa kujengeka. Mimi nilikaa siku nne bila kitu, nikiamini siku nne ni chache. Niliporudisha ya sita ilinibana kuliko siku ya kwanza, na juu ya chonge ukabaki mwanya mweupe wa hewa kati ya plastiki na jino. Ilinichukua zaidi ya wiki, nikitafuna kile kipande laini cha kukazia trei asubuhi na jioni, mpaka mwanya ukafunga.

Tangu hapo kikasha cha kuwekea trei hutangulia, vidole vikafuata. Kama kikasha hakipo mkononi, sivui, hata kama chakula kimeshapakuliwa.

Sasa kitembe, maana naona ndicho kinachokuumiza zaidi. Ulimi wako umezoea kukaribia nyuma ya meno ya mbele ili kutoa s na z. Umekuta ukuta mwembamba wa plastiki, na hewa inapita pasipo pake. Dawa yake ni kusema sana trei ikiwa mdomoni. Nilikuwa nasoma kwa sauti kila jioni, dakika kumi, polepole, na "sisimizi sitini na sita" nikaisema mpaka ikatoka safi. Wengi huzoea ndani ya wiki moja au mbili. Wewe wiki ya tano bado unahangaika kwa sababu unavua palepale ulimi unapopata nafasi ya kujifunza. Halafu piga hesabu: vipindi vitano vya dakika 40 ni saa tatu na dakika 20. Ukiongeza milo na kupiga mswaki, utafikishaje zile saa 20 hadi 22 za kuvaa trei kwa siku? Waambie wanafunzi wako wazi kwamba unanyoosha meno. Watatazamana siku moja, kesho yake watakuwa na mengine.

Hiyo ncha, pitisha kidole ukingoni uipate, uisugue taratibu kwa tupa laini ya kucha, mara tatu nne, usuuze. Usikate kwa mkasi. Ulimi usukutulie maji ya vuguvugu yenye chumvi, na kidonda kikizidi wiki mbili bila kupona, kionyeshe kwa daktari.

*Trei zangu zinanuka na zimekuwa za njano. Nilizichemsha ziue vijidudu, sasa haziingii vizuri. — Msomaji*

Maji ya moto huzipinda. Usizilazimishe: trei iliyopinda inaweza kusukuma jino kusikotakiwa. Rudia zilizotangulia na umpigie daktari, umweleze kwamba ulizichemsha. Za kusafisha ni maji baridi, mswaki laini na sabuni kidogo isiyo na manukato, kila unapovua. Dawa ya meno ya kung'arisha huzikwaruza, na harufu hujificha kwenye mikwaruzo hiyo.

Njano ni ya chai au kahawa uliyokunywa ukiwa umezivaa. Ukiwa nazo mdomoni kunywa maji matupu tu. Hapa rangi ndiyo hasara ndogo. Sukari ikiingia chini ya plastiki hukaa imebanwa juu ya jino, mate hayafiki kuiosha, na saa moja ya hivyo kila siku ni njia fupi ya kuoza meno uliyojitaabisha kuyanyoosha.