Sinki la bafuni linalochelewa kumeza maji: fungua trapu kabla ya kumwaga dawa

Mwenzetu anayeishi ghorofani huko Kasarani, Nairobi, ameeleza kwamba sinki lake la kunawia linachelewa sana kumeza maji, kwamba msimamizi wa jumba amemshauri anunue asidi ya kumwaga ndani, na kwamba fundi aliyeitwa anataka kuvunja vigae vya ukuta ili aufikie mfereji. Nyumbani kwangu wasichana ni wengi na nywele husukwa na kufumuliwa humo humo bafuni, kwa hiyo kazi hii nimeizoea. Kwa maoni yangu asidi isinunuliwe na vigae viachwe vilivyo, kwani sinki linaloteremsha maji polepole, tofauti na lile lililoziba kabisa, aghalabu huwa na uchafu mahali panapofikika kwa mkono, yaani kati ya tundu lake na ile trapu, kifaa cha plastiki kilicho chini ya sinki ambacho maji hupitia kabla ya kuingia ukutani.

Kwanza, hata hivyo, hakikisha kwamba tatizo ni la sinki peke yake. Mwaga ndoo ya maji kwenye tundu la sakafu pale unapoogea, kisha vuta maji ya choo. Ikiwa maji ya sakafuni nayo yanasitasita, au sinki linatoa mlio wa kugugumia kila choo kinapovutwa, basi huenda mzibo uko kwenye bomba kuu la jumba, na hapo hakuna utakalolifanya chini ya sinki lako litakalosaidia. Waulize pia majirani wa ghorofa ya chini, kwa sababu wao ndio wa kwanza kuona maji machafu yakirudi bomba kuu linapoziba. Ikiwa kwao na kwako kila kitu kingine kinateremka vizuri, endelea.

Kinachoziba kwa kawaida ni nywele zilizoshikamana na utando wa sabuni. Katika mitaa mingi ya Nairobi tunatumia maji ya kisima, na pale ambapo maji hayo ni magumu, sabuni ya kipande haitoi povu vizuri bali huungana na chumvi za kalsiamu na magnesiamu na kufanya utando mweupe ambao hauyeyuki. Utando huo hunasa kwenye nywele, dawa ya meno nayo hujishikiza juu yake, na nyuzi za nywele bandia, ambazo haziozi, hushikilia fungu zima. Mgao wa maji huongeza tabu, kwa kuwa siku za ukavu tunanawa kwa kikombe, na maji ya kikombe hayana nguvu ya kusukuma uchafu hadi mbali. Kuna na wale wanaosuuza viatu vyenye matope kwenye sinki la kunawia. Hao nawaachia dhamiri zao.

Anza juu. Ondoa plagi, umulike ndani kwa tochi ya simu, na utaona msalaba wa chuma au wa plastiki ulio ndani ya tundu, ambao ndio unaokamata nywele za kwanza. Chukua ule mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya, uchonge kingo zake kwa kisu ili upate meno yanayoelekea juu kama miiba, uuteremshe taratibu, uuzungushe, kisha uuvute. Kitakachotoka ni kamba nyeusi yenye utelezi wa kijivu, ndefu kuliko unavyotarajia, na harufu yake inatosha kukufukuza bafuni. Ndani ya kamba moja ya namna hiyo nilikuta shanga mbili za nywele na kifuniko cha dawa ya meno, ambacho hakuna asidi ya dukani ingekiyeyusha. Ukimaliza hapo, mara nyingi sinki linameza maji mara moja.

Lisipomeza, ingia chini. Weka beseni chini ya trapu, kwa kuwa ndani yake mna maji siku zote. Maji hayo ndiyo yanayozuia hewa chafu ya mfereji isipande chumbani. Katika nyumba nyingi za kupanga trapu hiyo ina umbo la chupa, na kikombe chake cha chini hufunguka kwa kuzungushwa kwa mkono kinyume cha mwendo wa saa. Ikiwa kimekaza, kishike kwa kitambaa kikavu au glavu ya mpira badala ya kukimbilia spana, kwani plastiki iliyozeeka hupasuka kwa urahisi. Kabla ya kuondoa mpira wowote wa kuziba maji, upige picha ili ukumbuke ulivyokuwa umeelekea, maana ukiurudisha kinyume utavuja hata ukaze namna gani. Yamwage yaliyomo chooni, osha kikombe na mrija wa katikati kwa mswaki wa zamani, ukaushe mpira, kisha urudishe kila kitu na kukaza kwa nguvu za mkono tu. Halafu jaza sinki hadi karibu na ukingo, yafungulie maji yote kwa pamoja, na upitishe kipande kikavu cha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo: tone dogo ambalo jicho halilioni litalowesha karatasi.

Kabla hujairudisha trapu, ni vyema ukamwaga jagi la maji polepole kwenye bomba linaloingia ukutani, kwa kutumia faneli au chupa iliyokatwa. Yakipokelewa bila kurudi, huko ndani ni salama. Yakirudi, unahitaji waya mrefu wa springi unaozungushwa kwa mpini, na mafundi wengi wanao. Mwambie fundi wako aupitishe huo kwanza kabla hajashika nyundo. Tazama pia ule mrija wenye mikunjo unaounganisha trapu na ukuta. Ukiwa mrefu kupita kiasi, hulegea na kufanya tumbo ambalo maji hutuama, na kila mkunjo hukusanya utelezi. Ufupishe, au weka bomba gumu la plastiki lenye mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita.

Pampu ya mpira inasaidia pia, mradi uzibe kwa kitambaa kilicholowa lile tundu dogo la juu linalozuia sinki lisifurike. Ukiliacha wazi, nguvu yote hutokea huko. Usiitumie, hata hivyo, baada ya kumwaga dawa kali, kwa kuwa itakurushia dawa usoni.

Kuhusu dawa zenyewe, magadi ya kupikia yakichanganywa na siki hutoa povu la kupendeza, lakini vitu hivyo viwili hubatilishana na nywele hubaki palepale. Kostiki soda inaweza kula nywele na mafuta, ila huchemka inapokutana na maji, huchoma ngozi, na huweza kukupofusha ikikurukia machoni. Asidi kali ina hatari zizo hizo na huharibu vyuma pia. Jambo la kuogopwa zaidi ni kuimwaga kwenye sinki ambalo limetiwa Jik au dawa nyingine ya klorini, kwani hapo hutoka gesi ya sumu katika chumba ambacho mara nyingi kina dirisha dogo tu. Maji yanayotokota nayo si mazuri kwa mabomba ya plastiki, ambayo huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi. Maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia yanatosha kusuuzia.

Ukikuta trapu imepasuka, nenda nayo dukani badala ya kubahatisha kipimo, kwa kuwa mabomba ya sinki la kunawia kwa kawaida ni ya inchi moja na robo na yale ya jikoni ni ya inchi moja na nusu, na muuzaji mwenye haraka atakupa lolote lililo karibu. Na mzibo ukidhihirika kuwa uko kwenye bomba kuu, mwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye picha, kwa sababu bomba hilo ni la jumba zima na gharama yake haipaswi kutoka mfukoni mwako.